Mwili Haujui Foleni

Usiku wa pili kwenye foleni ya ghala la nafaka, lori lililokuwa mbele yetu lilirudi nyuma. Halikurudi sana, labda mita moja na nusu. Dereva alikuwa amelala na breki ya mkono ilikuwa imechoka kama yeye. Mimi nilikuwa nimeketi chini, kati ya malori mawili, mgongo nimeuegemeza kwenye bampa letu na chupa ya chai mapajani. Sikumbuki kuinuka. Nilijikuta tu ng'ambo ya mtaro, gambuti moja mguuni na nyingine imebaki kulekule, huku mtu akipiga kelele, "Jiwe! Wekeni jiwe!" Utingo akasukumiza jiwe chini ya gurudumu, lori likatulia, watu wakacheka. Nami nikacheka. Lakini mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kufunga kifuniko cha chupa.

Hiyo ni Moiben, kaskazini-mashariki ya Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwishoni mwa 2023. Mvua za El Niño zilitukuta na mahindi yakiwa hayajakauka, mengine shambani, mengine yamerundikwa uani chini ya nailoni. Mimi na mzee jirani yangu tulikuwa tumekodi lori moja la tani kumi: magunia 40 yangu, 70 yake. Kila siku lori likilala pale, kodi yake inapanda. Na lilikuwa limelala siku mbili.

Nafundisha baiolojia, kwa hiyo baada ya kuipata gambuti yangu nilianza kujisomea mwili wangu mwenyewe, tabia ambayo mke wangu huiona ni ya kuchosha. Niliruka kabla sijajua kuna lori. Hilo si neno la kutia chumvi. Habari ya mwendo ule, mngurumo wa kokoto na kivuli kinachokua, ilipita kwenye amigdala, kijifungu cha seli chenye ukubwa wa punje ya lozi ndani kabisa ya ubongo, kabla sehemu inayofikiri haijapata nafasi ya kuuliza swali. Kutoka hapo amri ikashuka haipothalamasi, ikapita kwenye neva hadi katika tezi mbili zinazokalia figo kama kofia. Zikamwaga adrenalini. Hiyo ndiyo dutu ambayo mkemia wa Kijapani, Jokichi Takamine, alitangaza mwaka 1901 kwamba ameitoa ikiwa safi kutoka tezi za mifugo. Kazi yake huonekana kwa sekunde chache: moyo unakimbia, ini linaachia sukari, mboni za macho zinapanuka, damu inaondoka tumboni na kwenye ngozi kwenda kwenye misuli ya miguu. Miguu yangu, yenye miaka arobaini na saba, iliruka mtaro.

Kiswahili kilikuwa kimeyaorodhesha haya kabla maabara hazijapata umeme. Mtu yuko roho mkononi. Kijasho chembamba kinamtoka. Nywele zimemsimama, mate yamemkauka, tumbo joto. Wanafunzi wangu wameyakariri kama nahau za mtihani, nami huwaambia wayasome tena kama maelezo ya daktari. Mate hukauka kwelikweli, maana mwili unaojiandaa kukimbia hauna haja ya kutafuna. Na tumbo ndilo lenye hadithi nzuri kuliko yote. Mwishoni mwa karne ya 19, Walter Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Harvard, aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na bismathi ili autazame usagaji wake kwa eksirei, mashine ambayo wakati huo ilikuwa mpya kabisa. Kilichomharibia kazi ni hasira za paka. Paka akiogopa au akikasirika, tumbo lake lilisimama tuli. Kero hiyo aliifuata miaka mingi hadi kitabu chake cha 1915, alimoeleza jinsi mwili unavyojiweka tayari kupigana au kutoroka. Nadhani Mswahili yeyote aliyewahi kungoja matokeo ya mtihani angemwokolea muda.

Lakini adrenalini ni nusu tu ya habari, tena nusu iliyo rahisi. Nyuma yake huja kortisoli, na hiyo haina haraka. Haipothalamasi hutuma kemikali kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake. Pituitari nayo hutuma homoni nyingine kwenye damu. Homoni hiyo husafiri hadi zile tezi za juu ya figo, safari hii kwenye ganda lake la nje, na ganda ndilo linalotoa kortisoli. Mzunguko huo huchukua dakika. Kilele chake hufika dakika ishirini hadi thelathini baada ya tukio. Ukiifananisha na mji wetu wa kijijini, adrenalini ni yule kijana anayeruka ua na panga mkononi mbwa wakibweka. Kortisoli ni mama mwenye ufunguo wa ghala. Anafungua, anatoa sukari, anatoa mafuta, anaamuru kazi zisizo za dharura zisimame: ukarabati, uzazi, sehemu ya kinga ya mwili. Amejiandaa kwa vita vya usiku kucha.

Sasa fikiria. Wakati kortisoli yangu inafika kilele, lori lilishazuiliwa na jiwe na mimi nilisharudi kuketi palepale. Ghala limefunguliwa, chakula kimepakuliwa, mgeni hayupo.

Mwili wenye afya unajua namna ya kufunga. Ndani ya ubongo kuna hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, nayo imejaa vipokezi vya kortisoli. Mtafiti Bruce McEwen aliviona katika ubongo wa panya, New York, mwaka 1968, wakati ambapo wengi walidhani homoni za mwili haziwezi kuufikia ubongo na kuugeuza. Kortisoli ikizidi, hipokampasi huiambia haipothalamasi: basi, imetosha. Ni breki. Na kama breki nyingine yoyote, ukiikanyaga bila kupumzika inaisha. Panya wanaokaa katika dhiki kwa wiki kadhaa, matawi ya seli zao za hipokampasi hunywea. Watafiti wa Bengaluru, India, walionyesha mwaka 2002 jambo linalotisha zaidi: katika dhiki hiyohiyo, matawi ya seli za amigdala hukua. Kinachopiga kelele kinanenepa, kinachonyamazisha kinakonda.

Mzee mwenzangu hakuruka lori liliporudi nyuma. Alikuwa ndani ya kebini, macho wazi, koti limefungwa hadi kooni, vidonge vya presha kwenye mfuko wa shati. Nilipopanda kumpa chai aliniambia hajalala tangu juzi.

"Daktari aliniambia niache mawazo, mwalimu," akasema. "Nikamuuliza, niyaache wapi?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Lakini nimekuwa nikiligeuzageuza lile neno. Tunasema fulani ana mawazo, tena hatuna haja ya kuongeza kwamba ni mabaya. Kuwa na mawazo tu ni ugonjwa. Vitabuni tunaandika msongo wa mawazo. Wazungu walilichukua neno lao, stress, kwa wahandisi: Hans Selye, daktari mwenye asili ya Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Montreal, ndiye aliyelieneza kwa kuazima lugha ya watu wanaopima uzito ambao chuma kinaweza kubeba kabla hakijapinda. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akieleza panya aliowatesa kwa njia tofauti, baridi, sumu, majeraha, kuchoshwa misuli, na wote wakaishia na miili inayofanana: tezi za adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi imesinyaa, vidonda tumboni. Panya wa Selye hawakuwa na karo ya kulipa Januari. Hawakuwa na mawazo kwa maana yetu. Ndiyo maana neno letu huniudhi kidogo, linamfanya mgonjwa aonekane kama mtu aliyeshindwa kufunga redio kichwani mwake.

Na bado, ukimtazama mzee pale kebini, neno linajitetea. Hakuna aliyekuwa akimgusa. Hakukuwa na baridi ya kuua wala jeraha. Alikuwa akihesabu: kodi ya lori, mkopo wa mbolea, karo ya wajukuu wawili, unyevu wa mahindi ambao pengine ulikuwa ukipanda huku tumeketi juu yake. Kila hesabu ilikuwa lori linalorudi nyuma, na hakuna mtaro wa kuruka. Swala akimkwepa chui, mambo yameisha kwa dakika mbili, kwa heri au kwa shari, naye anarudi kula majani. Binadamu anaweza kumlea chui kichwani mwake msimu mzima. Tezi za juu ya figo hazina macho. Hupokea amri tu, na amri ni ileile. Hazijui maana ya foleni.

Sitaki kusema presha ya mzee imetokana na foleni. Kuna chumvi, kuna umri, kuna ukoo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la damu lililopanda, na si wote ni wakulima wa mahindi. Ninachosema ni kwamba vidonge mfukoni vilikuwa vikifanya kazi upande mmoja na usiku ule ukifanya kazi upande wa pili.

Usiku wa tatu baridi ilizidi, na vijana fulani mbele ya foleni wakawasha moto kwa kipande cha tairi. Moshi ulipotufikia mazungumzo yalikatika. Hapakuwa na aliyesema kitu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mandazi alibeba beseni lake akahamia upande usio na upepo, na mzee akapandisha kioo cha kebini. Waliokuwa watu wazima hapa Uasin Gishu Januari 2008 wanaijua harufu hiyo: vizuizi vya barabarani, nyumba zinazoteketea, na kanisa la Kiambaa, upande ule mwingine wa Eldoret, lililochomwa na watu ndani siku ya mwaka mpya. Nchini kote walikufa zaidi ya watu 1,100. Hilo nalo lina kemia yake. Adrenalini na ndugu yake noradrenalini huiambia amigdala igonge mhuri kwenye kumbukumbu: hii usisahau. Mwaka 1994, watafiti Larry Cahill na James McGaugh huko California waliwaonyesha watu picha huku wakisimuliwa hadithi ya kusikitisha. Nusu yao walikuwa wamemeza propranololi, dawa inayozuia adrenalini isishike kwenye vipokezi vyake, ambayo hutumika pia kwa moyo na presha. Wiki moja baadaye, wale waliomeza dawa walikuwa hawaikumbuki sehemu ya kutisha vizuri zaidi kuliko sehemu nyingine za hadithi. Mhuri haukugongwa. Kwetu uligongwa, tena vizuri. Kipande cha tairi kiliisha kuwaka, lakini ilipita karibu nusu saa kabla mtu hajafanya mzaha tena, na nusu saa hiyo niliitambua.

Kukapambazuka. Kortisoli ina saa yake hata bila dhiki yoyote: iko chini kabisa katikati ya usiku, hupanda kuelekea alfajiri, na hufika kilele karibu nusu saa baada ya kuamka, ndiyo inayotutoa kitandani. Saa kumi na mbili kasorobo hivi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya ngano, wakaja wakimbiaji. Walikuwa kama ishirini, wanaume na wasichana wawili, mvuke ukiwatoka vichwani, hawasemi, miguu inapiga murami kwa mpigo mmoja. Walipita kando ya foleni nzima, malori yapata sitini, kwa muda usiofika dakika mbili.

"Hawa wanakimbizwa na nani?" utingo wetu akauliza. Ni mgeni, ametoka Busia.

"Na deni, kama sisi," mzee akajibu kutoka kebini.

Nilidhani analeta mzaha, baadaye nikaona ameipiga hesabu sawa. Zamani nilikuwa na nadharia nzuri kuhusu wakimbiaji wetu, kwamba wao wamepata dawa na sisi tumebaki na ugonjwa. Lakini kortisoli hujiandika kwenye nywele inavyokua, mwezi baada ya mwezi, na watafiti wa Ujerumani waliopima nywele za wakimbiaji wa masafa marefu mwaka 2012 waliikuta ikiwa juu kuliko ya watu wasiokimbia. Mazoezi makali ni dhiki. Tezi za juu ya figo haziulizi kama umekimbia kwa hiari au umekimbizwa. Ile raha inayosemwa humshukia mkimbiaji, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa kazi ya endofini, sasa inaonekana inatokana pia na kemikali zinazofanana na za bangi ambazo mwili hujitengenezea. Moja inaitwa anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti la furaha. Panya waliozibiwa vipokezi vya kemikali hizo mwaka 2015, huko Ujerumani pia, walikimbia lakini wasiwasi haukuwaondoka.

Tofauti niliyoiona asubuhi ile ilikuwa ndogo kuliko nadharia yangu. Mkimbiaji anajua kilomita zake. Anafika, anasimama, anakunywa chai, na ile sukari iliyotolewa ghalani imetumika njiani. Sisi tulikuwa na sukari ileile katika damu na hatukuwa na pa kuipeleka.

Kisha kuna jambo la trela. Alfajiri hiyohiyo tuliona trela tatu za madalali zikiingia kwa lango la nyuma bila kuonja foleni. Kelele zilipigwa, simu zikapigwa, halafu watu wakarudi kukaa. Nikamkumbuka Robert Sapolsky, Mmarekani aliyekuja Masai Mara mwaka 1978, ana miaka ishirini na moja, akaanza kuwadunga nyani sindano za usingizi kwa mrija wa kupuliza ili apime damu yao. Alirudi miaka zaidi ya ishirini. Nyani wa Mara, alieleza, hutafuta chakula kwa saa chache tu kwa siku, na muda unaobaki huutumia kusumbuana. Dume la chini katika kundi huporwa mzizi ambao amejichimbia, hung'atwa na mkubwa aliyepigwa na mkubwa mwingine. Na kortisoli yake huwa juu hata siku tulivu isiyo na ugomvi. Nilisoma hayo nikiwa chuoni nikacheka. Asubuhi ya trela sikucheka.

Kuna sehemu ya pili ya kazi yake inayosimuliwa kwa nadra huku kwetu, nayo ilitokea kwenye ardhi yetu. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama iliyotupwa pale ilikuwa na kifua kikuu. Waliokwenda kupigana walikufa, karibu nusu ya madume wote. Wakabaki majike na madume wapole. Kundi likabadilika: kutafutana chawa kukaongezeka, kung'atana wanyonge kukapungua. Hilo lingetarajiwa. Lisilotarajiwa ni kwamba miaka kumi baadaye, wale wapole wakiwa wameshakufa au kuhama, madume wageni waliohamia kutoka makundi mengine walikuwa wamejifunza desturi hiyo. Sapolsky na mwenzake Lisa Share waliyachapisha hayo mwaka 2004. Na damu ya madume wa chini wa kundi hilo haikuwa na alama za dhiki zilizozoeleka kwa wanyonge wenzao.

Mimi si nyani, na tabia ya waandishi ya kutoka kwa nyani moja kwa moja hadi kwa binadamu siipendi. Naeleza tu nilichokiona. Baada ya trela kupita, yule mama wa mandazi alikuja kukaa na sisi, akiwa amebaki na mandazi sita ambayo hakutaka kurudi nayo. Mzee alishuka kebini kwa mara ya kwanza tangu juzi. Utingo wa Busia akasimulia habari ndefu ya ng'ombe aliyeingia kanisani, habari ambayo sidhani ina ukweli hata chembe. Ilipofika saa mbili mzee alikuwa amelala, ameketi, kichwa kimeegemea gurudumu lililozuiliwa na jiwe, na kipande cha andazi mkononi.

Zamu yetu ilifika adhuhuri. Kijana mwenye koti la kijani alidunga gunia kwa bambo, akamimina punje kwenye mashine ya kupima unyevu, akangoja. Inayokubalika ni asilimia 13.5. Mate yalinikauka kabla hajasoma.

"14.6," akasema bila kuinua macho. "Rudisheni mkaanike."

Tukarudisha. Kesho yake jua lilitoka kama halijawahi kutukosea, nasi tukatandaza maturubai kando ya barabara, mahindi yangu na ya mzee bega kwa bega, ukanda wa manjano wa mita themanini hivi. Saa tisa alasiri upepo uligeuka. Nilitazama upande wa Sergoit, mlima haukuonekana. Tone la kwanza lilinipiga shingoni.

Sikuwa na haja ya kuita mtu. Watoto walitoka shuleni mbio na mikoba mgongoni, mwenye bodaboda akaiangusha pikipiki yake mtaroni, wakimbiaji wawili waliokuwa katika mazoezi ya jioni wakasimama, wakashika pembe za turubai. Mzee alikuwa akisukuma mahindi kwa ubao, amevua koti, anafoka kwa Kikalenjin maneno ambayo sitayatafsiri. Tulikimbia, tukakunja, tukainua, tukaburuta, mvua ikituchapa. Gunia la mwisho liliingia chini ya mabati likiwa limelowa upande mmoja tu.

Mke wangu anasema nilikaa kitini nisubiri chai iive, na kwamba alipokuja na kikombe nilikuwa nimelala fofofo, gambuti zote mbili miguuni.